Kweli au uongo: madai kumi kuhusu ndizi za Bukoba na Muleba

Wahaya hutaniwa kwa ndizi, nao hujitania wenyewe kuliko wanavyotaniwa. Utani hauna ubaya. Ubaya ni madai yanayopenya katikati ya kicheko, yakakaa vichwani mwa watu miaka mingi bila kuulizwa. Mengine humfanya mtu alime vibaya, mengine humfanya alishe watoto vibaya, na mengine huwapa wageni sifa ya kazi iliyofanywa na babu na bibi wa Bukoba na Muleba. Haya hapa kumi, kila moja na hukumu yake.

1. Ndizi ni tunda.

KWELI kwa mtaalamu wa mimea, UONGO jikoni.

Kwa mtaalamu wa mimea ubishi haupo. Kilichotokana na ua kikabeba mbegu, au hata mahali pa mbegu, ni tunda. Kwa kipimo hicho boga ni tunda, nyanya ni tunda, na ndizi ni tunda la kundi moja na zabibu. Lakini mpelekee mwenyeji wako wa Kamachumu mkungu wa matoke mabichi, mwambie umemletea matunda, uone atakavyocheka. Kwake matunda ni papai, embe, fenesi, nanasi na parachichi. Matoke ni chakula chenyewe, na wapo wazee ambao wakishinda na wali mchana kutwa watakuambia bado hawajala.

Wamalei na Waindonesia wana utaratibu mwingine. Tunda kwao ni *buah*, ndizi ni *pisang*, na mtu akisema *buah pisang* hakuna anayemshangaa, iwe ni ndizi ya kumenya na kula au ya kukaanga kando ya barabara. Tena *buah* limetanuka hadi nje ya bustani. Nyumba huhesabiwa kwa neno hilohilo: *dua buah rumah*, nyumba mbili. Figo kwa Kimalei ni *buah pinggang*, tunda la kiuno. Zawadi ya kutoka safari ni *buah tangan*, tunda la mkono. Kiswahili kina matunda ya kazi na matunda ya uhuru, lakini hakuna atakayekwambia amejenga matunda mawili ya nyumba. Basi ukitaka kujua kama ndizi ni tunda, kwanza angalia umeketi kwenye meza ya nani.

2. Mgomba ni mti.

UONGO.

Kata shina la mgomba kwa panga, utazame pale ulipokata. Huoni ubao wala duara za miaka. Unaona maganda yaliyokumbatiana, kila ganda lina vyumba vidogo vilivyojaa maji na hewa, na utomvu unaanza kutona. Maganda hayo ni vikonyo vya majani. Shina la kweli limo ardhini, nalo ni lile tunguu nene tunalolikuta tukichimba miche. Wakati ukifika, tunguu hupenyeza kikonyo cha ua katikati ya maganda hadi juu, mkungu unatoka, na shina lile limemaliza kazi. Halizai mara ya pili.

Kinachoishi muda mrefu ni shina kwa maana ya tunguu pamoja na watoto wake. Ndiyo maana bwana shamba hukuambia ubakize watatu: mama, mtoto na mjukuu. Ukiyaonea huruma machipukizi yote, chakula kinagawanywa kwa wengi na mikungu inakuwa midogo. Ukipunguza ipasavyo, shina moja linaweza kurithiwa kutoka baba hadi mjukuu, na vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vyenye umri wa zaidi ya miaka 50 si ajabu katika Bukoba na Muleba.

3. Migomba asili yake ni hapahapa.

UONGO kuhusu mababu, KWELI kuhusu aina zenyewe.

Ndizi pori ambazo ndizo wazazi wa ndizi tunazokula huota Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Huko Kuk, nyanda za juu za Papua New Guinea, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za kilimo cha migomba za takriban miaka 7,000 iliyopita. Hakuna mgomba pori wa jamii hiyo ulioota wenyewe katika misitu ya Minziro wala kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria.

Lakini usiishie hapo. Matoke ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, yanayolimwa Kagera, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, hayapatikani Asia kama yalivyo hapa. Aina zake zinazidi 80. Vinasaba vyake vinakaribiana mno, kana kwamba zote zilitoka kwenye mche mmoja au michache sana, kisha zikaachana polepole. Na iliyozitenga ni mikono ya watu. Mkulima aliona chipukizi moja limetoa mkungu mnene au limewahi kukomaa, akalihamishia pembeni, akalipa jina, akampa jirani. Fanya hivyo kwa karne nyingi, utapata kibanja chenye majina kuliko mtaa.

4. Ndizi zililetwa na Waarabu, au na wamisionari.

UONGO.

Wazungu wanatoka kwanza. Emin Pasha alipojenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890 aliwakuta watu ndani ya migomba. Mpelelezi Speke alikuwa amepita Karagwe kwa mfalme Rumanyika tangu 1861, na migomba ilikuwepo.

Waarabu nao hawakuja na ndizi, walizikuta na kuziandika. Al-Masudi, aliyesafiri pwani ya Zanji, yaani Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 10, anasema ndizi zilikuwa nyingi huko kama zilivyo India. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akaandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na alipofika Mombasa akaona chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki. Kwa hiyo kupika ndizi mbichi ni jambo kongwe katika pande hizi.

Anayestahili kutajwa zaidi ni baharia wa kutoka visiwa vya Indonesia. Watu wa Madagaska huzungumza lugha iliyozaliwa Borneo, na hadi leo tunda kwao ni *voankazo*, ambamo *voa* ni ndugu wa damu wa *buah*. Bahari iliyowaleta watu hao ilileta pia mimea yao. Ukienda sokoni Unguja wakati wa msimu utakuta doriani, na jina hilo limetoka kwenye neno la Kimalei la mwiba, *duri*. Njia ya bahari ilikuwa pana, na wapitaji walikuwa wengi kabla ya jahazi la kwanza la Mreno.

5. Ndizi hazina mbegu.

KWELI kwa tunazokula, na ndiyo hatari yake.

Kata ndizi mbivu mviringo, utaona nukta nyeusi ndogondogo katikati. Ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Ndizi pori zimejaa mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe, hata nyama ya kula ni haba. Matoke yetu yana seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na kwa sababu hiyo hayatengenezi mbegu kwa kawaida. Huzaliana kwa machipukizi tu.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mgomba ukiachwa na binadamu hauendi mbali. Ndege hawezi kuusambaza wala upepo hauwezi kuupeleka ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila mgomba ulioko Nshamba au Katerero uliwahi kubebwa na mtu begani au kichwani. Pili, mtoto ni nakala ya mama. Ugonjwa ukipata njia ya kuuingia mmoja, umepata njia ya kuwaingia ndugu zake wote.

6. Ardhi ya Bukoba ina rutuba yenyewe.

UONGO, tena huu ndio uongo uliotugharimu zaidi.

Mgeni anayetoka Muleba kwenda Bukoba mjini huona kijani kila upande akahitimisha kuwa udongo ni mtajiri. Ukweli ni kinyume. Sehemu kubwa ya ukanda wa ziwa imekaa juu ya miamba ya mchanga, na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka kando ya ziwa inaosha virutubisho na kuvizamisha chini. Ukitaka kuuona udongo wa asili, toka nje ya kibanja uende kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi inayovizunguka vijiji. Panda mgomba pale bila samadi, halafu rudi baada ya mwaka uone kilichobaki.

Kibanja kilitengenezwa. Ng'ombe walichungwa rweyani mchana na kulala nyumbani usiku. Samadi ikaingia kwenye mashina, nyasi za rweya zikakatwa na kutandazwa chini ya migomba, majivu na maganda ya jikoni yakafuata, na vizazi vikapita. Kwa lugha ya hesabu, rweya ilikuwa inakatwa kidogokidogo na kuwekwa kibanjani. Udongo mweusi unaouona leo chini ya mibuni na migomba ni akiba iliyowekwa na watu, wakiwemo akina mama waliobeba mizigo ya nyasi kichwani.

Akiba isipoongezwa hupungua. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliua mifugo mingi, na baadaye watu waliongezeka huku malisho yakipungua. Watafiti Baijukya na de Steenhuijsen Piters walipima virutubisho katika mashamba ya Wilaya ya Bukoba na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Mashamba ya wenye ng'ombe yalikuwa yanapokea kuliko yanavyotoa, na ya wasio na ng'ombe yalikuwa yanapoteza kila mwaka. Anayesema kibanja chake kimechoka bila sababu ajiulize mara ya mwisho kilikula nini.

7. Ndizi yoyote ikiiva hutoa rubisi.

UONGO.

Pombe ya ndizi ina ndizi zake. Katika kibanja cha zamani utakuta embiire, ndizi za jamii moja na matoke lakini zenye utomvu wa ukakasi unaokunja ulimi ukizipika. Hizo hazikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Pamoja nazo siku hizi kuna kisubi na kainja, ambazo ni za ukoo mwingine.

Kazi yenyewe ina hatua zake. Ndizi huivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani au juu ya moto wa jikoni hadi ziwe laini. Humenywa maganda, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, kisha wanaume huzikanyaga. Nyasi hizo zina kazi kubwa, kwani ndizo zinazoshika nyama ya ndizi na kuacha juisi safi itoke. Bila nyasi utapata uji. Juisi huchanganywa na maji, kisha unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani, na baada ya siku moja au mbili rubisi iko tayari kwa harusi, msiba au kazi ya ujima.

Kainja ina jina lingine kwenye vitabu vya wataalamu duniani: *Pisang Awak*, yaani wameipa jina la Kimalei. Likumbuke jina hilo, tutalirudia kwenye dai la tisa.

8. Aliyeshiba matoke amekula kila kitu.

UONGO.

Matoke yana wanga wa kutosha na madini ya potasiamu. Protini ni kidogo, mafuta karibu hakuna, madini ya chuma ni haba. Mtu mzima anayekula pia maharage, samaki na mboga hatapata shida. Shida ni ya mtoto mdogo anayeshibishwa matoke yaliyopondwa na mchuzi wa maji, tumbo likajaa na kila mtu akaridhika.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ndizi haipaswi kubeba lawama peke yake. Iringa, nchi ya mahindi, ilikuwa na asilimia 57. Popote sahani inapotawaliwa na chakula kimoja, mtoto ndiye anayelipa.

Dawa haiko mbali. Mapishi ya kale ya Kihaya ya kuchemsha matoke na maharage katika chungu kimoja yaliliona tatizo kabla ya wataalamu wa lishe. Ongeza dagaa wa ziwani, senene msimu ukifika, yai, parachichi na mchicha. Matoke yabaki kuwa mwenye nyumba, lakini asile peke yake.

9. Mnyauko hauna dawa, kwa hiyo hakuna la kufanya.

Mwanzo KWELI, mwisho UONGO.

Mnyauko wa bakteria uliripotiwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, binamu wa mgomba. Uganda iliupata 2001, na katikati ya muongo huo ukaingia Kagera, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia mapema. Majani hulegea na kuwa ya njano kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, nyingine mbichi nyingine mbivu katika chana moja, na ukizikata ndani ni kahawia. Kata shina, subiri kidogo, utaona usaha wa rangi ya maziwa ya njano unatoka.

Dawa ya kupulizia haipo. Njia kuu za ugonjwa, hata hivyo, zinajulikana, na zote zinazibika. Njia ya kwanza ni nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume. Hapa ndipo kainja inapoingia: maua na maganda ya ua lake hudondoka na kuacha kidonda kibichi, mdudu akitua anaacha bakteria. Matoke mengi hushikilia maua yake, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba zaidi. Chana ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Njia ya pili ni panga na jembe: vichome motoni au vitie kwenye maji ya jiki kabla ya kuhamia shina lingine. Njia ya tatu ni miche ya kupewa, kwa hiyo uliza kwanza ilikotoka. Mgomba mmoja wa shina ukishaugua, ukate usawa wa ardhi mara moja na uendelee kulikagua shina zima. Si lazima ung'oe mashina yote kama ilivyokuwa ikishauriwa zamani.

Kazi hii hufaulu kijiji kizima kikiifanya. Mmoja akivunja maua na jirani akaacha, nyuki hawana mpaka wa shamba.

10. Ndizi za kisasa zimekuja kuua ndizi zetu.

UONGO kwa sehemu kubwa.

Kati ya 1997 na 2002, mradi wa maendeleo wa Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza vijijini miche ya aina mpya kwa wingi, zikiwemo FHIA kutoka Honduras na Yangambi Km5 yenye jina la kituo cha utafiti cha Kongo. Miche ya mwanzo ilitoka Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kunakohifadhiwa mkusanyiko mkubwa wa ndizi wenye aina zaidi ya 1,500. Watu wakazizushia kuwa ni ndizi za maabara zenye sumu. FHIA zilipatikana kwa kuchavusha ua kwa mkono na kutafuta mbegu chache miongoni mwa maelfu ya ndizi, kazi ya subira isiyohitaji kuhamisha kinasaba chochote kutoka kiumbe kingine.

Lalamiko la ladha lina haki yake. FHIA nyingi zikipikwa haziwi laini wala za njano kama matoke ya nyumbani, na ndiyo maana wengi huzila mbivu, huziuza au huzikamulia juisi. Watafiti walilisikia lalamiko hilo. Kazi ya pamoja ya Uganda na Tanzania, ambayo kituo cha utafiti cha TARI Maruku kilicho Bukoba Vijijini kilishiriki, ilichanganya matoke yenyewe na ndizi pori ili kubakiza ladha na kuongeza ustahimilivu, na mwaka 2021 Tanzania ikaidhinisha aina mpya za TARIBAN 1 hadi 4.

Kinachoua aina za zamani ni kibanja kuachiwa mzee mmoja asiye na samadi wala nguvu ya kupunguza machipukizi, na shina la aina adimu kukatwa kwa sababu hakuna kijana anayelijua jina lake. Aina mpya ikipandwa kwenye kona iliyochoka, inabaki nafasi ya kuitunza aina ya zamani kama enshakala karibu na jiko. Ukienda kijijini likizo hii, muulize bibi majina ya migomba yake shina kwa shina, uyaandike, kisha uchukue miche ya zile zilizobaki shina moja tu uipande kwako. Mche wenye afya, shimo pana, madebe mawili ya samadi.